Mishale Yangu ya Aljebra na Siku ya Maombi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwisha. Au nimefika. Sijui bado, na hiyo ndiyo shida.

Mkutano wa walimu leo, chai ikiwa bado moto vikombeni. Madam Chelimo, mwalimu mkuu wetu, alisimama akasema bodi ya shule imepata nafasi moja tu ya mwalimu wa hesabu kuanzia Januari. Moja! Na sisi tunaofundisha hesabu kwa mkataba wa muhula kwa muhula tuko wawili, mimi na Onchiri. Mmoja abaki, mwingine aende na Mungu.

Akaongeza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya maombi ya watahiniwa. Kila mtoto wa Kidato cha Nne atapewa kijitabu cha marudio ya hesabu, kiombewe pamoja na kalamu yake. Mimi nitaandika aljebra, Onchiri ataandika jiometri. Bodi itakuwepo. Itaona kazi, itaamua.

Nikikosa hii nafasi najua ninakoenda. Kaka yangu James ana duka la vifaa vya ujenzi Kericho mjini, na tangu mwaka jana ananiambia kuna aproni yangu nyuma ya mlango. Shahada ya hesabu, halafu nipime misumari! Ghai!

Lakini Onchiri anaandika kwa kalamu na rula. Kwa mkono! Karne hii! Nilicheka moyoni mpaka chai ikanipalia.

Mimi nina LaTeX. Ni programu ya kupanga maandishi ya hesabu, wanayotumia maprofesa. Nitachukua kila mlinganyo niueleze sehemu kwa sehemu: mabano ya kulala chini ya hiki, neno dogo juu ya kile, mtoto asome kama anayeonyeshwa kwa kidole. Na maelezo nitayaandika kwa Kiswahili ili wazazi nao waone nani amefanya kazi. Bodi itazimia.

Sijawahi kuitumia hiyo programu. Lakini ni ya hesabu, na mimi ni mtu wa hesabu. Tutaelewana.

Jumanne, 7 Oktoba

Hatujaelewana.

Mlinganyo wa kwanza: 2x² + 5x − 12 = 0. Nilitaka mabano madogo chini ya ile 2 peke yake. Nikapata mabano yaliyojinyoosha chini ya mstari wote kama mlevi kwenye mtaro. Nikarekebisha. Programu ikakataa kabisa. Inaniambia alama ya dola imekosekana. Hata mashine imejua mshahara wangu!

Nikaweka dola. Ikasema haielewi. Nikaweka nyingine. Mlinganyo ukatoweka.

Alasiri mvua ya mawe, kama kawaida yake. Stima ikaenda. Betri ya laptopu yangu ni ya kuombewa, ikaifuata stima palepale. Sikuwa nimehifadhi kitu.

Priscillah, mke wangu, aliniuliza kwa nini nisiandike kwa mkono nipige fotokopi. Nilimweleza kwa upole kwamba haya ni mambo ya maprofesa. Akajibu kwamba profesa wake ameacha zizi wazi, na ng'ombe yuko katikati ya shamba la chai la jirani tangu nianze kubishana na dola. Nilikimbia na slipa kwenye matope. Jirani alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Hakuniambia pole.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata dawa. Rangi!

Mabano yananitii sasa, lakini maneno ya chini yake ni madogo kama mbegu za wimbi. Rangi haihitaji maneno mengi. Ile 2 nimeipaka nyekundu. Ile 5 kijani, kijani kabisa cha chai iliyotoka kuchipua. Ile 12 bluu. Kisha chini nikaandika: Anza na nyekundu. Kijani igawe nusu. Bluu ihamishe upande wa pili. Basi! Kwenye kioo cha laptopu inapendeza mpaka nikajipigia makofi.

Nilikuwa nafanyia kazi stafurumu, chumba cha walimu, kioo kikiangalia ukuta, mgongo wangu ukiangalia watu. Onchiri akaja na heshima zake za Kisii, akaniuliza kama angeweza kunisomea, maana jicho la pili huona zaidi. Jicho la pili! Ananiona mtoto? Nilifunga laptopu kwa kishindo, kidole changu kikiwa ndani. Nikamwambia ni barua ya kanisa.

Kidole kimevimba. Nimeandika ubaoni siku nzima kwa mkono wa kushoto, na darasa likadhani ni Kiarabu.

Yake alinionyesha bila kuulizwa. Duara, mistari miwili, maneno machache pembeni. Ni nadhifu, nakubali. Lakini hakuna rangi hata moja! Nilimwonea huruma. Nusura nimshauri aanze kutafuta kazi mapema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nicheke au nilie? Nimelia.

Madam Chelimo alitaka kuona kurasa za kwanza. Nikampelekea Chepkurui, sekretari wa shule, flashi yangu. Nikasimama mlangoni mtu asiingie. Mashine ya kuchapia ikaanza kulia, taka-taka-taka. Karatasi zikatoka. Nyeusi na nyeupe, kama ng'ombe wa gredi.

Nikamuuliza rangi ziko wapi. Akaniuliza rangi gani. Akanikumbusha kwamba mashine hiyo ina wino mweusi tangu iletwe, na kwamba mimi mwenyewe nimechapia mitihani humo tangu niajiriwe. Ni kweli. Nimechapa humo mpaka nikachoka, na sijawahi kuona karatasi nyekundu. Nilikuwa nawaza nini? Mtu anaweza kulala na shida kitanda kimoja na asiitambue!

Mbaya zaidi, Madam alisoma kwa sauti, mbele ya Onchiri. Anza na nyekundu. Akageuza karatasi. Akaiinua dirishani kwenye mwanga. Akaniuliza hiyo nyekundu imejificha wapi. Nikamjibu kwamba ni ya kuwazia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Onchiri alikohoa muda mrefu sana.

Alipomaliza kukohoa akasema wazo la kueleza kila sehemu ni zuri, mwalimu Mureithi, yaani mimi, atumie mishale tu badala ya rangi, mshale hauhitaji wino wa pekee. Unaona dharau hiyo? Kunitetea mbele ya mkubwa!

Madam amenipa mpaka Ijumaa. Aliniambia ataniombea, na haikuwa sauti ya mtu mwenye imani.

Nimefikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, nikapata wazo jipya kabisa, la kwangu mwenyewe. Mishale.

Jumatano, 15 Oktoba

Mishale inapinda! Inatoka pembeni kwenye neno, inapinda polepole kama barabara ya kushuka mtoni, inagusa namba yenyewe. Nimeitazama mpaka uji ukaganda.

Mwongozo unasema uweke alama kwenye herufi ndani ya mlinganyo, kisha uufunge mshale kwenye ile alama. Herufi ikihama, mshale unaifuata. Maelezo yenyewe ni marefu kama mahubiri ya mazishi. Nani ana huo wakati? Nimegundua njia ya mkato. Unaiambia programu mshale uishie hapa, umbali fulani kutoka juu ya karatasi na umbali fulani kutoka kushoto. Unapima kwa rula tu. Rula nimeazima ya Onchiri. Hakuwepo wakati wa kuazima.

Ukurasa wa kwanza umekaa hivi. Mistari mitatu ya hesabu juu kabisa, na kila mstari una mshale wake. Mshale wa kwanza unagusa ile 2: Ondoa hii kwanza, ndiyo inayozuia njia. Ukishagawa yote kwa mbili, 12 inabaki 6, na hapo kuna mshale wa pili: Hii hubadilika ikivuka upande. Mstari wa tatu 6 imeshavuka, imeacha sifuri pale ilipokuwa, na mshale wa tatu unaigusa ile sifuri: Hii haina thamani, usiihangaikie.

Nilichapa nakala moja nikamwonyesha Priscillah. Mwanamke huyu aliacha hesabu darasa la nane. Alifuata mishale kwa kidole, mmoja, wa pili, wa tatu, akasema aah, kumbe ni hivyo tu. Kumbe ni hivyo tu! Nilitaka kulia. Akaniambia sasa imetulia, niipeleke ilivyo, nisiiguse tena.

Nimemwambia bado kuna kitu kinakosekana. Sijui ni nini. Nitakijua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekijua. Heshima!

Mchana Mzee Kipkemoi, mwenyekiti wa bodi, alikuja na pikipiki kukagua mahema ya kesho. Akanisalimia, Chamgei. Nikajibu, Chamgei mising, nikajisikia mwenyeji kabisa. Nikamwambia nimemwandalia kitu kwenye kijitabu. Uongo mtupu. Akafurahi, akanishukuru, Kongoi, akanishika mkono kwa mikono miwili. Sasa ningefanya nini?

Nimeongeza majina juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Mstari wa kwanza, Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Kipkemoi. Wa pili, Mgeni wa Heshima, Mchungaji Hezekiah. Wa tatu, Mwalimu Mkuu, Madam Chelimo. Onchiri hajaweka jina la mtu yeyote. Amejaza duara tu. Hajui watu, huyo.

Mawingu yalikuwa yamekaa vibaya upande wa Roret na sikutaka stima inicheze tena. Nikahifadhi haraka, nikatia kwenye flashi, nikakimbia. Chepkurui aliniuliza kama nimeifungua nikaiangalia. Nikasema mara mia. Akapendekeza tuchape moja kwanza tuione pamoja. Wakati huohuo Onchiri anapita koridoni na kikombe chake! Nikamwambia Chepkurui hapana, achape zote, ashone kwa stepla, atie kwenye katoni, afunge kwa gamu, na asifungue mtu mpaka wakati wa maombi.

Akachapa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siwezi kuandika. Acha niandike.

Wazazi walikuja tangu asubuhi, wengine wakitoka moja kwa moja kuchuma chai, gambuti zikiwa na matope. Akina mama wakaleta mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kwa ajili ya wageni. Watahiniwa wakakaa mbele na kalamu zao mikononi. Mchungaji Hezekiah akaziombea kalamu. Akaombea rula. Akaombea wasimamizi wa mtihani walainike mioyo. Kisha akaita vijitabu.

Katoni ikafunguliwa. Kila mtahiniwa akapata, na nakala zilizobaki wakapewa wazazi na bodi. Mimi nilisimama kando ya tanki la maji, nikajipanga uso, maana nilijua nitaitwa nisimame.

Mchungaji akasema yeye haombei kitu asichokijua. Akainua nakala yake, akakamata maikrofoni, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Akasoma jina la Mzee Kipkemoi kwa sauti ya baraka. Halafu akaona mshale. Akaufuata kwa kidole. Ulitoka pembeni, ukapinda vizuri sana, ukaishia kwenye jina la Mzee. Akasoma maneno yake kwenye maikrofoni: Ondoa hii kwanza, ndiyo inayozuia njia.

Ng'ombe wa shule peke yake ndiye aliyelia.

Ni yale majina! Yalisukuma hesabu yote chini. Mishale haikushuka nayo. Ilibaki palepale nilipoipima na rula, ikingoja.

Na Mchungaji ni mtu ambaye mdomo wake ukishaanza kuteremka hauna breki. Akasoma jina lake mwenyewe na mshale wake: Hii hubadilika ikivuka upande. Mwaka jana tu alihama kanisa la ng'ambo ya barabara akaanzisha lake upande huu. Hakuna asiyejua, kuanzia hapa mpaka Litein. Mama mmoja alijifunika mdomo na leso, mabega yakimtikisika. Watahiniwa wakaanza. Wakati Mchungaji anafika kwa Madam Chelimo, ambaye hana thamani na asihangaikiwe, hema zima lilikuwa limeshapasuka kwa kicheko. Kuna mzee aliyeangukia mwenzake.

Mzee Kipkemoi hakucheka. Alivua miwani, akaifuta na koti, akaivaa, akasoma tena yeye mwenyewe polepole. Madam alikuwa anatazama nyasi.

Mchungaji akafumba macho akawaombea waandishi wa vitabu. Aliomba kwa muda mrefu. Nilizunguka tanki, nikabaki upande ule mwingine. Baadaye nikasikia wanasoma duara la Onchiri, na makofi.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikuenda kanisani. Ningekaa wapi?

Priscillah alienda. Aliporudi alivua viatu, akaniangalia, akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kisha akaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia hakuna aliyenionya. Akanihesabia kwa vidole: Onchiri, Chepkurui, na yeye mwenyewe. Nikamjibu kwamba hao si wakuu. Aliacha kucheka, akaingia jikoni. Hilo lilikuwa baya zaidi.

James amepiga simu kutoka Kericho. Picha ya ukurasa wangu imefika kwenye kikundi cha simu cha wafanyabiashara. Ameuliza kama navaa aproni kubwa au ya kati. Ndugu wa tumbo moja!

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia bila kuchekwa. Sitaki misumari. Napenda darasa. Napenda ile dakika mtoto aliyekunja uso tangu Januari anafungua uso, anasema aah, na wewe ndiye umemfungulia. Sina kitu kingine ninachokiweza duniani. Hata ng'ombe nimeshindwa kumfungia zizi.

Sijala. Priscillah ameniwekea kimanga na mboga mezani, amefunika na sahani. Sitaki. Labda baadaye.

Jumanne, 21 Oktoba

Mungu si Athumani!

Jana ilikuwa sikukuu ya Mashujaa, nikajificha nyumbani. Leo nimeitwa ofisini. Nilivaa suti, maana nilidhani ni ya kuagwa. Mzee Kipkemoi alikuwepo, fimbo katikati ya magoti. Madam alikuwepo. Onchiri pia, kwa nini sijui. Nikaanza kutoa jasho kwenye sehemu ambazo sikujua hutoa jasho.

Mzee alisema Jumamosi alikuwa ameshakata shauri niondoke. Lakini jana Onchiri alifika nyumbani kwake kwa miguu, akakaa, akanywa mursik yote aliyowekewa, akamweleza kwamba lile lilikuwa kosa la vipimo, si la moyo. Kwamba ukiirudisha mishale mahali pake, ile ni kazi ambayo yeye Onchiri hawezi kuifanya. Alisema hivyo! Onchiri!

Madam naye akatoa karatasi za jaribio alilowapa watahiniwa asubuhi, swali lile lile la aljebra. Karibu darasa zima limepata. Hata wale wa nyuma kabisa, wanaokuja shule kula. Akamwita mmoja aeleze, akaimba bila kusita: ondoa inayozuia njia, vusha inayobadilika, isiyo na thamani usiihangaikie. Alipomaliza alimwangalia Mzee, akakumbuka, akatoka mbio. Na Mzee, nawaapia, mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja.

Halafu Onchiri akasema kitu cha kunimaliza. Yeye amepata nafasi karibu na kwao, Nyamira, anaondoka Desemba. Nafasi ni yangu! Hakuna wa kushindana naye!

Sharti ni moja tu. Mzee ni mtu wa mila. Mtu akimkosea mwenzake huja na maneno yake wazi, akasema nimekosa, yakaisha. Kwa hiyo niandike barua ya kuomba radhi kwa bodi. Ukurasa mmoja. Kwa mkono wangu. Madam alirudia hilo, kwa mkono, mwalimu, bila rangi, bila mabano, bila mshale. Nimkabidhi Mzee kabla ya kikao cha Alhamisi jioni, na bodi itapitisha jina langu.

Tukitoka nje Onchiri alinieleza polepole kwamba mshale hufungwa kwenye herufi, haufungwi kwenye karatasi. Nikamwambia najua. Na nilijua kweli. Nilitaka kumwambia asante, nikaishia kumrudishia rula yake. Nikaiazima tena hapohapo, na safari hii alikuwepo.

Priscillah amefurahi mpaka amechinja kuku. Kuku mzima, siku ya Jumanne!

Alhamisi, 23 Oktoba

Imekwisha. Nimetua mzigo.

Jana niliandika ile barua kwa mkono kama walivyotaka. Waheshimiwa, nimekosa, nawaomba radhi. Nikaisoma. Haki ya Mungu, ilionekana kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Huyu ndiye mtu wa hesabu wanayemwajiri? Na jambo lingine. Bodi iliona mishale yangu ikikosea. Ikiwa haitaiona ikilenga, si watakumbuka ile ya Jumamosi mpaka kufa kwao? Barua ya mkono inaomba radhi tu. Barua yenye mishale iliyonyooka inathibitisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sikumwambia Priscillah. Angenipigia kelele, na kelele huharibu vipimo.

Nimeipanga kwa LaTeX, fupi, ya adabu. Mstari wa kwanza: Kwako Mzee Kipkemoi, Mwenyekiti. Mshale wake unasema: Huyu ni hazina ya jamii. Mstari wa pili: kupitia kwa Madam Chelimo, Mwalimu Mkuu. Mshale wake: Hii ni nguzo, haiguswi. Mstari wa tatu: naomba radhi kwa kosa langu. Mshale wake, mnene kuliko yote: Hili lifutwe kabisa, lisionekane tena mbele ya watu.

Nilifikiria kuifunga kwenye herufi. Nikafungua tena ule mwongozo, nikaona urefu wake, nikaufunga. Kosa la Jumamosi lilikuwa majina mengi, si rula. Nimepima mara mbili. Nimechapa moja kwenye saiba, duka la kompyuta, pale Litein nikaiangalia kwa makini, kila mshale umekaa mahali pake kama umezaliwa hapo. Sasa nani atasema sijifunzi!

Nilipokuwa tayari nimeinuka ndipo nikagundua sijaweka anwani na tarehe. Barua rasmi bila anwani, aibu gani hiyo! Nikakaa, nikaongeza mistari miwili juu kabisa, ya anwani na ya tarehe. Barua ilishuka kidogo tu, jina la Mzee likawa mstari wa tatu, haidhuru, nafasi chini ipo tele. Radi ilikuwa inapiga, na kikao kinaanza jioni, kwa hiyo sikuichapa tena wala sikuifungua. Nimemtumia Mzee Kipkemoi moja kwa moja kwenye simu, na nakala kwa kila mjumbe wa bodi. Na kwa Mchungaji pia, aone.

Sasa nimekaa kwenye kibanda cha chai nangoja mvua ipite, kikombe mkononi. Mzee ameshaifungua, zile alama mbili zimegeuka bluu. Naona anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Ameacha. Ni mzee, skrini ni ndogo kwake, na nadhani anatafuta maneno ya kunishukuru.